Mtandao wa Mlokole

Kofi la tatu lilimpasua Araba mdomo. Tone la damu likadondokea kwenye kibodi.

"Unashika, unakatika. Unashika, unakatika!" Bentsil alifoka. "Fundi gani wewe? Si ungebaki sokoni ukauze kenkei!"

"Kompyuta yenyewe kuukuu, kaka. Kadi yake ya mtandao imechoka."

"Hata mimi nimechoka."

Bentsil alikuwa amemtoa Araba kwenye kibanda chake cha kutengeneza kompyuta, Takoradi, asubuhi ile, kisu kikimgusa ubavuni. Kazi ilikuwa moja tu: kuiunganisha laptopu hiyo na mtandao wa jirani ili video ipite. Simu Bentsil hakutaka hata kuziona; alisema polisi hufuata simu. Video ilitakiwa imfikie Mzee Essuman kabla ya saa sita mchana, wazee wateuzi watakapoketi kumchagua chifu mpya. Humo, Kwamena, mwanawe, alikuwa akimlilia baba yake ajitoe kwenye kinyang'anyiro.

Kwamena mwenyewe alikuwa pale kando ya meza, amefungwa kwenye kiti. Upande wa kushoto wa kichwa chake ulikuwa umezungushiwa taulo lililolowa damu. Sikio halikuwepo.

Bentsil hakuwa ameficha uso wake. Araba aliliona hilo tangu mlangoni, akaelewa. Video ikishafika, hakuna atakayetoka humo hai.

Mara ya kwanza alipofungua orodha ya mitandao, Bentsil aliinama juu ya bega lake, akacheka. Mtaa ule kila mtu huupa mtandao wake jina la sala, au la kumchoma jirani. *Damu ya Yesu Yanitosha. Fensi Yako Imeingia Kwangu. Nunua Wako Mvivu.*

"Hao wawili wa juu hawasalimiani," alisema. "Mwaka mzima wanatukanana humo humo. Chukua wa mlokole. Nywila yake ninayo, msichana wake wa kazi kanipa. Leo atatoa sadaka bila kujua."

Araba aliuunganisha. Video ikaanza kupanda: asilimia tatu, nne. Kisha akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika upesi.

"Unaandika nini?"

"Naiamuru kadi ijizime, iwake upya."

Bentsil alizikodolea macho zile herufi nyeupe, zisimwambie kitu. Mtandao ukakatika.

Mwalimu wa darasa la jioni aliwahi kumweleza Araba kuhusu kadi za zamani: zina kinywa na masikio, huweza kunasa mtandao wa mtu au kutangaza wa kwao wenye jina lolote, lakini zikisema hazisikii.

Ee Bwana, aliomba kimoyomoyo, mfumbue macho mtu mmoja tu.

Bentsil alimkamata nywele, akamgonga uso mezani. Jino likamtoka. Araba alilitemea kiganjani, akaliweka mfukoni, akarudi kuandika. Mtandao ukashika, asilimia tisa, ukakatika tena.

"Sasa basi!" Bentsil alimrukia Kwamena, akaweka kisu nyuma ya sikio lililobaki. Kwamena akalia kama mtoto. "Dakika tano, dada fundi. Baada ya hapo nakata hili, halafu nahamia kwako."

"Tusogee dirishani, kaka. Ukuta ndio unaozuia mawimbi."

"Ungesema mapema, mjinga wewe!" Aliiburuta meza hadi dirishani, kisha akakiburuta kiti, Kwamena akiwa juu yake. Kisu hakukiachia.

Nje kulikuwa kimya. Hata mbwa wa mlokole, aliyebweka tangu asubuhi, alikuwa amenyamaza.

Araba aliandika mstari wa mwisho, akasubiri, akaizima kadi na kuiwasha. Akafungua orodha ya mitandao. Akaisoma mara mbili.

"Nini tena?" Bentsil aliuliza.

Araba alikipiga teke kiti cha Kwamena, kikaanguka naye hadi chini, na yeye mwenyewe akajitupa sakafuni juu yake.

Bentsil alibaki amesimama peke yake dirishani. Akainama kwenye skrini aone kilichomtia wazimu yule mwanamke. Mitandao ilikuwa mitatu vilevile, ila *Damu ya Yesu Yanitosha* haikuwepo. Mahali pake palikuwa na jina jipya:

*Tumekusoma Dada Laleni Chini*