Nafasi Mbele ya Mhusika

"Kibao hicho weka chini, ndugu yangu. Kinavuta jicho."

Mtu aliyekaa kwenye kiti alikitazama kile kibao cha namba alichopewa akishike kifuani. Akamtazama mpiga picha, kisha akakilaza sakafuni taratibu, asije mtu akabadili mawazo.

Mpiga picha huyu, kwenye darasa la picha la Jumamosi, alikuwa amebandikwa jina la Pasipoti, na jina likamganda. Mwalimu hakumwonea. Miaka kumi na sita kazini alikuwa akipiga picha ya aina moja: kiti kile kile, ukuta ule ule mweupe, mtu katikati, uso mbele, haya toka, mwingine aingie. Hakuna aliyecheka hata siku moja. Picha zikaingia kwenye mafaili ya serikali na kulala humo.

"Picha si msumari useme lazima uupige katikati," mwalimu alimwambia mbele ya darasa zima. "Msogeze mhusika pembeni. Ondoa takataka nyuma yake. Na akiangalia upande, mwachie nafasi mbele yake apumue."

Maonyesho ya darasa yalikuwa Jumamosi ile. Mara mbili zilizopita picha ya Pasipoti ilirudishwa, huku msusi aliyejiunga juzi tu akitundikwa ukutani na kupigiwa makofi. Ilimuuma, tena ilimuuma vibaya; usiku wa mara ya pili hata chakula kilimshinda. Sasa mwisho wa kupeleka picha ulikuwa leo saa kumi na mbili jioni, na mkononi hakuwa na kitu. Mkewe alikuwa amegoma kupigwa picha tangu siku alipoambiwa ahame kwenye kochi lake mwenyewe kwa sababu amekaa katikati.

Basi akaamua, liwalo na liwe, apate picha yake saa za kazi.

Na huyu wa leo alikuwa zawadi. Mrefu, mifupa ya uso imechongeka, na kovu limetoka sikioni mpaka kidevuni. Pasipoti alilitazama lile kovu kwa kero.

"Linaleta kelele," alisema. "Geuka kule, kivuli kilifunike."

Mtu akageuka. Nusu ya uso ikazama gizani, na kovu lake.

"Samahani, kaka," akasema kwa adabu. "Mimi si mjuzi wa mambo haya. Lakini mtu mwenye jicho kama lako kufungiwa na ukuta mweupe, hivi kweli ni haki?"

Miaka kumi na sita hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Pasipoti alikipokea kile kilemba cha ukoka, akakivaa, na kikamkaa sawasawa.

Tatizo likabaki mlinzi. Alikuwa ameegemea mlangoni akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, na kila pembe uliyoelekeza kamera, njiti ile nayo imo.

"Bwana, tupishe kidogo. Unanichafulia picha."

"Nimeambiwa nisibanduke hapa, mkubwa."

"Umeambiwa ulinde mlango. Nani kakwambia uingie kwenye picha yangu? Nenda kanywe chai."

Hilo nalo neno. Mlinzi akaenda kunywa chai.

"Nje kuna mwanga," mtu yule akasema. "Nimeuona wakati naletwa. Umelala uwanjani kote mpaka getini."

Kweli ulikuwepo. Jua la asubuhi lilikuwa linapita chini chini, dhahabu tupu, na geti lilikuwa wazi kwa ajili ya lori la maji. Nyuma ya geti, barabara ilikwenda moja kwa moja mpaka macho yachoke. Pasipoti akabeba kamera, akamtoa mtu wake nje. Hapakuwa na ukuta, hapakuwa na takataka, na nafasi ya mhusika kupumua ilikuwa ya kumwaga.

"Nikae wapi?"

"Hukai. Tembea kuelekea kule. Nipe mgongo."

"Niende mpaka wapi?"

"Wewe nenda tu, nitakwambia."

Alilala kifudifudi kwenye vumbi na shati lake la kazi, jicho kwenye kamera. Viatu vya mtu yule havikuwa na kamba, vikawa vinaburuzika, lakini kwa umbali ule haikuharibu kitu.

"Endelea," akaita Pasipoti. "Bado umekuwa mkubwa sana. Endelea tena. Usigeuke."

Hakugeuka. Mhusika msikivu kiasi kile hakuwahi kumpata maishani. Alipofika pale hasa, kwenye theluthi ya kushoto ya picha, mdogo, peke yake, barabara yote ikiwa mbele yake, Pasipoti akabonyeza.

Aliitazama picha kwenye kioo cha kamera mpaka machozi yakamlengalenga. Alipoinua kichwa ashukuru, uwanja ulikuwa mtupu. Hata kuaga hakuaga. Watu wengine bwana, hawana shukrani. Akajipangusa vumbi, akaituma picha kwa mwalimu palepale.

Jibu likarudi kabla hajafika mlangoni. "Hatimaye, Pasipoti. Hii ina hadithi. Nitaitundika ukuta wa mbele."

Lakini watu hawakungoja Jumamosi. Kabla jua halijatua picha ile, kwa kuwa nyingine ya mtu yule haikuwepo, ilikuwa imebandikwa kila stendi, kila soko na kila nguzo ya taa: barabara ndefu, mwanga wa dhahabu, mgongo mdogo kama punje ya mchele, na chini yake kwa herufi nyekundu: KATOROKA MAHABUSU. UKIUONA USO HUU, TOA TAARIFA POLISI.