Pezi Badala ya Mabawa

Mgeni alishuka kwenye gari bila taarifa, akasema anachagua vijana wa timu ya taifa ya mbio za ubao wa tanga. Nilikuwa nimemwandikia mara saba tangu nimalize chuo.

"Nina nusu saa, dogo. Nionyeshe unavyoruka."

Ubao wangu ulitengenezwa kwa ajili ya kuruka. Chini yake hufungwa mguu wa chuma wa mita nzima, wenye mabawa, nao huuinua ubao juu ya maji. Lakini asubuhi ile bwawa la Hombolo lilijaa nyavu za mvuvi mmoja, mzee Matonya. Mwezi uliopita mguu ule ulizichana, naye akalia mbele yangu. Nikamwahidi kwamba nyavu zikiwa majini, nitafunga pezi fupi tu, lisilozifikia.

"Mwenye nyavu yuko wapi?" mgeni aliuliza nilipomweleza.

"Chamwino, msibani."

"Sasa nani atakuona? Ukienda na pezi, mimi nitaandika nini? Kwamba kijana anaelea?"

Nilishika bisibisi. Skrubu iliniponyoka mara mbili, nikaipangusa mchanga kwa shati.

Nilikaza pezi.

Upepo ulikuwa mzuri, upepo wa kuruka kabisa. Ubao ule mpana ulijikokota, ukiyapiga maji kwa tumbo. Nilipita juu ya nyavu. Chupa tupu zinazozishikilia zisizame zilitikisika kidogo, zikatulia. Hakuna uzi uliokatika.

Nilipogeuza tanga, gari lilikuwa limeshafika barabarani, likielekea mjini.