Mguu wa Kulia

Mwaka wa 1995 Ramlo alitoka Garissa kwenda Uswidi kumtembelea bintiye. Bintiye akampeleka uwanjani kuwatazama wanawake wa Nigeria wakicheza kandanda.

Winga wa Nigeria alipochomoka na mpira, Ramlo aliona mguu wa kulia wa bintiye ukipiga hewa chini ya gauni refu.

"Hooyo, kwa mbio huyu ningemwacha nyuma," bintiye alimwambia mama yake, akicheka.

Ramlo alikumbuka kiwanja cha vumbi alichochezea bintiye mtaani Iftin, kule Garissa, na jinsi alivyomwoza mapema ili aachane na mpira.

"Nisamehe, mwanangu," alisema.

Lakini Nigeria walikuwa wamefunga bao. Binti alikuwa amesimama akishangilia, hakusikia, naye Ramlo hakuthubutu kurudia.