Koo la Mashine

Mwizi alikuwa ameondoka na kadi ya sauti, kisha akarudisha skrubu mahali pake na kuikaza vizuri. Floribert aliitazama skrubu ile kwa muda mrefu. Mwizi wa kawaida hana adabu hiyo.

Ilikuwa mara ya tatu mashine kukosa sauti. Mara ya kwanza kompyuta ya kapela ya Muheto ilikuwa bubu kwa uzee tu: alama ya spika ilikuwa na msalaba mwekundu, na kadi imelegea ndani ya boksi. Floribert aliichomoa, akasugua meno yake kwa kifutio, akaisukuma mpaka ikakaa, na wimbo wa kwaya ukatoka. Kwa furaha aliwaonyesha wote waliokuwepo.

"Aka kakitu njo koo ya mashini," alisema. "Ukikatosha mu boksi, haiseme tena."

Kesho yake kadi ilikutwa imechomolewa nusu. Akaifunga kwa skrubu. Sasa haikuwepo kabisa.

Floribert alikuwa fundi mzuri kutoka Lushebere, na mtu wa kushuku. Hata chai ya dada yake huichungulia kwanza. Lakini hapa sababu ilikuwepo. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na neno la mwisho la marehemu Sebarenzi. Ugonjwa ulipomzidi alibebwa mpaka kapelani. Katekista Benoît akamwekea maikrofoni, akatoka nje kama desturi inavyotaka, akamwacha na shahidi mmoja wa damu. Neno kama hilo halifunguliwi mpaka siku ya kumaliza kilio, kwa hiyo hata Floribert alijaribia spika kwa nyimbo tu. Kulihamisha nako hakukuwezekana. Matundu ya flash yalikuwa yamekufa zamani.

Shahidi alikuwa Habineza, mdogo wake marehemu. Yeye ndiye aliyefagia kanisa na kushika funguo za ofisi. Thacienne, mjane, alikuwa amezaa mabinti tu, nao wameolewa. Na kwa desturi, mume asipoacha neno, shamba linarudi kwa ndugu yake. Hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu.

Thacienne alikuwa amelima kilima kile miaka ishirini na sita, maharage juu, mihogo chini. Alilima peke yake, maana Sebarenzi alikuwa mtu wa safari. Biashara ya mawese ilimweka Mpofi, huko Walikale, miezi mizima.

"Shemeji yangu ni muntu muzuri," Thacienne alimwambia Floribert. "Ku maziko aliniambia: lima tu, Mama, hakuna muntu atakutosha mu shamba. Na analimaka maharagi yangu kabla ya kulima yake."

"Mama, muntu analimaka shamba anajua itakuwa yake."

Thacienne alikitazama kilima. "Mie nataka tu kusikia sauti ya bwana yangu. Alinipenda. Nikisikia ameniachia shamba, nitalala usingizi."

Floribert alimwonea huruma. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, akapanda kilima kumtafuta Habineza. Alimkuta ameinama katikati ya maharage ya shemeji yake, jembe mkononi.

"Papa Habineza, nani aliingia mu biro ya kanisa?"

"Mimi. Niko na funguo."

"Na kadi?"

Habineza hakuinua kichwa. "Ile mashini ilizeeka, kijana. Uiache ipumuzike. Mama Thacienne iko mu nyumba yake, analima shamba yake. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta asikie bwana yake."

Jembe likasimama. "Rudia kwenu Lushebere," Habineza alisema polepole.

Floribert alisikia tisho, na damu ikamchemka. Alirudi kwao, akafungua kompyuta yake mwenyewe ya zamani, akatoa kadi ya aina ile ile na kuitia mfukoni mwa shati. Hakumwambia mtu.

Siku ya kumaliza kilio watu walijaa uani kwa kapela. Sombe ya majani ya mihogo ilikuwa inaiva. Meza ya kompyuta iliwekwa mlangoni, na Thacienne akakaa mbele kabisa, amevaa kitenge kipya. Benoît alibonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

"Mashini imekataa," Habineza alisema akisimama. "Tukule, tumalize kilio." Uso wake ulikuwa umetulia. Floribert hakuwahi kumwona hivyo, na jambo hilo lilimuudhi kuliko wizi wenyewe.

Alitoka nyuma ya umati, akafungua boksi mbele ya macho yote, akaingiza kadi na kuiwasha mashine upya. Msalaba mwekundu ukaondoka. Watu wakanong'ona. Alipoweka kidole kwenye kitufe, Habineza alikuwa amefika na kumshika mkono.

"Kijana, nakuomba," alisema kwa sauti ya chini. Macho yake yalikuwa na machozi.

Mwizi akikamatwa hulia, Floribert aliwaza. Akausukuma mkono ule kando, akabonyeza.

Kikohozi kilitoka kwenye spika. Kila mtu uani alikijua. Thacienne alifumba macho, akatabasamu.

"Mimi Sebarenzi. Shamba yote ya Muheto, na nyumba, naachia Tuyizere, mutoto yangu mwanaume wa Mpofi, na mama yake. Habineza, wewe njo unajua kwabo. Kilio ikiisha, uende uwalete."