Miiba ya Mbwa Mzee

"Mama, huyo mbwa anadeka," mwanawe Bi Alima alisema huku akimega ugali wa muhogo. "Nimempa vichwa vya samaki wakavu, kavisusa. Kesho namtupa porini."

Bi Alima alipiga magoti uani, akamfumbua mbwa mzee kinywa taratibu. Meno yalibaki mawili tu, ya nyuma. Kwenye ufizi uliovimba palikuwa pamechomeka mwiba wa samaki, mgumu kama sindano ya cherehani.

Akauchomoa. Mbwa akamlamba kiganja.

"Mama! Mate yake najisi!"

"Najisi nitaiosha kwa udongo na maji. Dhuluma nitaiosha kwa nini? Muhogo huo unaokula, miaka yote hii nani aliwafukuza nguruwe shambani? Leo kazeeka, unamtupia miiba!"

Akamwondolea mwanawe sahani ya ugali na samaki mbele yake. Akachambua minofu ya samaki kwa vidole, akatoa mwiba mmoja mmoja, akaiponda minofu hiyo pamoja na ugali na mchuzi mpaka ikalainika, akaitia kwenye kifuu cha nazi. Mbwa akala huku amefumba macho.

"Na mimi nile nini?"

"Vichwa vya samaki vile pale chini. Wewe meno unayo."