Wiki ya Kumi na Moja ya Matanga

Matanga ya Tshibangu yaliingia wiki ya kumi na moja, na Mama Kabedi, jirani wa mlango wa pili, alizunguka uani akihakikisha kila mtu analia ipasavyo.

Tshibangu mwenyewe angeshangaa. Alikuwa mtu wa kimya, fundi wa mashine za kusaga mawe ya shaba, na siku ya kuzikwa kwake watu hawakujaza hata benchi mbili. Lakini nyumba aliyokaa ilikuwa ya kampuni ya mgodi, na kambi ya wafanyakazi ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: mfanyakazi akifa, mjane na watoto watoke. Ya pili: watu wenye matanga hawafukuzwi, maana kampuni nayo ina moyo. Katikati ya sheria hizo mbili, mjane wake Mbelu na watoto watano walitandika mikeka.

Mkuu wa kambi, Citoyen Badibanga, ambaye aliitwa Polycarpe hadi serikali ilipokataza majina ya kizungu na kuamuru kila mtu aitwe Citoyen, yaani Raia, alifika kila Jumatatu mchana. Alivaa suti ya abakosti iliyopigwa pasi, akauliza kwa heshima kama huzuni imepungua. Kabedi alimjibu kwamba haijapungua. Aliandika kwenye daftari: huzuni bado. Kisha alikula ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, na kwa kuwa alishiba, aliwafundisha wenye matanga kwa nini siku hizi kuna watu wanaolala sokoni. Ni uvivu, alisema. Tshibangu alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na mbili bila kukosa siku hata moja, isipokuwa ile aliyokufa.

Badibanga alimshauri Mbelu arudi kijijini kwao. Mbelu alikuwa amezaliwa kambini humo humo, nyumba nne kutoka hapo. Badibanga alisema basi ndiyo shida ya watu wasiopenda vijiji.

Wiki ya pili alibandika karatasi mlangoni: nyumba imepewa Citoyen Ngoy Mukalay. Hapo kilio kilipata nguvu mpya. Wanawake walipotwanga sombe walimtukana huyo Ngoy. Walisema ana tumbo kama pipa, ana nyumba nyingine mbili mjini, ana roho ya fisi. Elise alitwanga kwa kasi kuliko wote, macho yake ndani ya kinu.

Elise alikuwa mke wa Séraphin, ambaye uani walimwita Yaya, yaani kaka. Walifika siku ya tatu ya matanga, kwa treni kutoka Tenke, na watoto wanne, sufuria mbili na godoro. Watu hawaendi matangani na godoro, lakini mtu anayetoka mbali ana sababu zake. Séraphin alisimama mlangoni, akaona mikeka na watu wanaolia, akafungua mdomo kama mwenye neno la kusema. Kisha akakaa chini akalia naye. Alilia vizuri sana. Kabedi alimsogeza mstari wa mbele.

Mbelu alidhani Séraphin ni ndugu wa marehemu. Ndugu wa marehemu walidhani ni wa upande wa Mbelu. Pande hizo mbili hazikuwa zinasemezana, basi hakuna aliyeuliza. Watoto wa Elise walipoanza kukohoa kwa umande, Mbelu aliwapa chumba cha nyuma. Séraphin alipata kazi hapo hapo Kolwezi, alisema, ili asiwe mbali na huzuni. Alitoka asubuhi, akarudi jioni kulia. Siku moja ya mapumziko alipanda juu akaziba bati lililokuwa likivuja tangu Tshibangu akiwa hai.

Jumatatu hii hakwenda kazini. Badibanga alifika na walinzi wawili, na alikataa chakula, jambo lililomtisha kila mtu.

Alisema kampuni imevumilia vya kutosha. Huyo Citoyen Ngoy amefanya kazi karibu miezi mitatu bila nyumba, na hajaja ofisini kulalamika hata mara moja. Raia wa namna hiyo ndiye nchi inayemtaka. Leo ameamriwa aje hapa kuchukua funguo.

Mbelu aliacha kulia kilio cha wiki kumi na moja na akaanza kulia cha kwake. Alikusanya nguo kwenye kitambaa, akawaita watoto, akawakalisha juu ya mafurushi.

"Tata Chef," alisema, "batoto banalala wapi leo?"

"Mutu wa bidii hakosake nafasi, mama."

Akafungua karatasi na kuita kwa sauti ya ofisini: Citoyen Ngoy Mukalay. Wanawake wote waligeuka kutazama barabara, waone tumbo linakuja. Barabarani alipita mbuzi tu.

Mstari wa mbele, Yaya Séraphin alipangusa macho kwa mkono wa shati, akasimama.

"Ni mi."

Kabedi alikatiza kilio katikati. Elise aliinamia kinu, ingawa hakikuwa na kitu ndani. Séraphin alitia sahihi kwa jina lake la serikali pale alipoonyeshwa, akapokea funguo.

Badibanga alimpongeza. Kisha aliwaonyesha kwa kidole Mbelu na wanawe watano juu ya mafurushi yao.

"Na hawa? Sasa nyumba ni yako. Sema tu, tunabatosha inje."

Séraphin alirudi kwenye mkeka wake, akakaa taratibu kama mtu ambaye huzuni yake bado haijapungua.

"Hapana, Chef, sheria inakataza," alisema. "Hawa balikuya kwa matanga."