Mshono wa Kushoto

Kila mkulima wa Maretadu aliijua kanuni: aliyeshona gunia ndiye anayewajibika kwa kilichomo, na mdanganyifu hapeleki tena maharage Nairobi.

Gunia lililorudishwa na wanunuzi likamwagwa mbele ya kikundi cha wakulima. Zikatoka kokoto tele.

"Wakenya watadhani huku tunavuna mawe!" mama mmoja akafoka. "Mwenyekiti, nani alilishona?"

Mzee Tadeo, mwenyekiti wao, akaushika uzi uliobaki mdomoni mwa gunia. Mshono ulilala kushoto, kama alivyoshona mkewe tu kijijini, mama wa mkono wa shoto, waliyemzika Jumapili.

"Mimi."

"Wewe, mzee wetu?"

"Nimesema ni mimi."

Akauvuta uzi polepole, akauviringa kidoleni penye pete. Kisha akachukua kalamu, akalikata jina lake mwenyewe katika orodha ya wanaopeleka maharage Nairobi.